Sungura wangu anazaa, watoto wanakufa: je, mama amewakataa?

"Naishi Makambako, mkoa wa Njombe. Mwaka jana nilinunua sungura majike watatu na dume mmoja, wote kutoka kwa mfugaji mmoja, ili watoto wangu wapate nyama nyumbani. Jike mmoja amezaa mara tatu. Mara ya kwanza alizaa saba. Asubuhi nikawakuta wametawanyika juu ya waya wa sakafu ya kizimba, wote wamekufa. Mara ya pili alizaa tisa, nikamwekea gunia, wakapona watatu. Mara ya tatu, mwezi wa sita, alizaa wanane: wawili aliwala, waliobaki wakafa siku ya pili na ya tatu. Nilimchungulia mchana kutwa, sikumwona akinyonyesha hata mara moja. Jirani anasema niliwashika watoto, mama akasikia harufu ya mtu, akawakataa. Wale watatu waliopona niliwaachisha wakiwa na mwezi mmoja, nikawa nawapa pumba za mahindi na kabichi. Baada ya wiki mbili matumbo yakavimba, wakaharisha. Niliwapa amoksilini, wakafa wote. Majike wengine wawili hawashiki mimba, wanamkimbia dume. Mume wangu anasema tuwachinje wote yaishe. Je, mbegu hii ni mbaya? Nifanye nini?"

Dada yangu, pole kwa hasara, na pole zaidi kwa asubuhi ile ya kuwakuta watoto juu ya waya. Nimeyakuta hayo katika mabanda mengi ya watu wanaojali mifugo yao kama wewe. Nianze na la haraka: msiwachinje bado. Katika maelezo yako yote sioni dalili ya mama mbaya. Ninachokiona ni mnyama wa mashimoni aliyezalia juu ya waya wakati wa baridi ya Njombe, kisha watoto wake, ambao matumbo yao yameumbwa kwa ajili ya majani, wakalishwa unga. Hayo mawili yanarekebishika, na gharama yake ni ndogo kuliko bei ya jike mmoja.

Kiswahili chetu kinawaita sungura wanyama wawili tofauti, na nadhani sehemu ya tatizo inaanzia hapo. Sungura wa mbugani, yule wa hadithi zetu, huzaa juu ya ardhi, katikati ya majani. Watoto wake huzaliwa na manyoya, macho wazi, na muda si mrefu wanajiweza. Huyu wa kufugwa ni ukoo mwingine. Asili yake ni Hispania na nchi za jirani, na huko huzaa ndani ya shimo alilolichimba na kulitandika nyasi na manyoya ya tumbo lake mwenyewe. Watoto wake huzaliwa uchi, hawaoni, hawasikii, wana gramu 50 au 60 tu. Ukimnyima shimo umemnyima chombo cha kulelea, hata awe mama mwema kiasi gani.

Tuje kwenye kutonyonyesha. Hukumwona kwa sababu sungura hunyonyesha mara moja kwa siku, pengine mara mbili, kwa kawaida usiku au alfajiri, na kazi yote huisha ndani ya dakika tatu hadi tano. Porini, mama akishinda na watoto harufu yake ingewaita wawindaji pale shimoni, kwa hiyo huwalinda kwa kukaa mbali nao. Maziwa yake ni mazito, mafuta na protini karibu mara tatu ya maziwa ya ng'ombe, ndiyo maana mlo mmoja unamtosha mtoto hadi kesho yake. Kwa hiyo acha kumvizia mama, angalia matumbo ya watoto. Kila asubuhi mtoe mama, mpe majani ayatafune pembeni, kisha funua manyoya. Mtoto aliyenyonya ana tumbo la mviringo lililojaa, ngozi yake imenyooka, ana joto na ametulia. Mwenye njaa ngozi yake ina mikunjo kama ya mzee, tumbo limeingia ndani, na ukimgusa anarukaruka akitafuta titi. Ukiona wamekunjamana siku mbili mfululizo, hapo ndipo pana tatizo la maziwa kweli.

Kuhusu harufu ya mikono, jirani yako amesema kinachosemwa na karibu kila mtu, lakini si kweli kwa mnyama huyu. Sungura aliyezoea watu hawakatai watoto kwa sababu wameshikwa. Tena humpokea hata mtoto wa jike mwingine akiwekwa katikati ya wake, na jambo hilo litakufaa sana baadaye. Nawa mikono, isinuke mbwa, paka wala manukato, sugua viganja kwenye maranda ya sanduku lake la kuzalia, ambalo nitalieleza hapa chini, halafu washike bila wasiwasi. Niseme zaidi: lazima uwashike. Maiti moja iliyoachwa chini ya manyoya huoza na kuwaharibia wenzake, na asiyefunua hawezi kujua. Kinachomfadhaisha mama ni makelele, mbwa anayezunguka banda, na watoto wa mtaa wanaokuja kumtazama siku ya kuzaa.

Basi waliuawa na nini? Baridi. Kwa siku saba hadi kumi za mwanzo, mtoto wa sungura hawezi kulinda joto la mwili wake. Anahitaji kuzungukwa na joto la zaidi ya nyuzi 30, ambalo hulipata kwa kubanana na wenzake chini ya manyoya ya mama. Juu ya waya upepo unampiga kutoka chini. Hata kama mama alikuwa na maziwa tele, mtoto aliyepoa hana nguvu ya kunyonya, na asiponyonya anazidi kupoa. Lipo na jambo jingine ambalo wengi hawalijui: sungura hambebi mtoto wake kwa mdomo kama paka. Mama akiondoka ghafla wakati wa kunyonyesha, mtoto aliyeng'ang'ania titi huburutwa nje, na akidondoka juu ya waya hakuna wa kumrudisha. Ndiyo sababu uliwakuta wametawanyika. Gunia lilisaidia kidogo, na ndiyo maana watatu walipona, lakini gunia hulowa mkojo, watoto huingia chini yake na kukandamizwa, na nyuzi zake hufunga miguu yao.

Dawa yake ni sanduku la kuzalia. Kwa sungura wa ukubwa wa kati, wale wa kilo nne au tano, fundi akutengenezee sanduku la mbao lenye urefu wa sentimita 45 hadi 50, upana wa 30 na kimo cha 30. Upande wa mbele uache kizingiti cha sentimita 15: mama anaruka kuingia, mtoto hawezi kutambaa kutoka, na aliyening'inia kwenye titi hugonga kizingiti akaanguka ndani. Toboa matundu madogo sakafuni ili mkojo usituame. Usitumie bati, kwa sababu bati hupoa sana usiku na hutoa jasho la maji. Kwa baridi ya kwenu, tandika kwanza boksi la karatasi ngumu, kisha maranda makavu kina cha vidole vinne. Mna bahati ya mashine za mbao kila kona. Chukua maranda yenye mikunjo, siyo vumbi la msumeno, maana vumbi huingia puani. Juu yake jaza majani makavu laini hadi karibu na ukingo, halafu kwa ngumi yako tengeneza kishimo upande wa nyuma. Mama ataongeza manyoya.

Sanduku lina siku yake. Mimba ya sungura huchukua siku 31, mara nyingine 30 au 32. Weka sanduku siku ya 28. Ukiliweka mapema mno atalifanya choo, ukichelewa atazalia kwenye waya. Ukimpandisha tarehe 1 Juni, sanduku linaingia tarehe 29 Juni, na watoto utawatarajia tarehe 2 Julai. Andika kwa chaki mlangoni mwa kizimba, usitegemee kichwa. Nimeshuhudia watoto wengi wakifa kwa sababu mwenye mali alidhani bado wiki moja. Mama wa uzao wa kwanza huenda asing'oe manyoya ya kutosha. Mng'oe mwenyewe kutoka tumboni, siku hizo yanatoka bila maumivu. Manyoya yanayobaki kwenye masanduku safi yahifadhi kwenye foronya, kuna siku jike mwingine atayahitaji.

Kula watoto kunatisha, najua. Mara nyingi si ukatili. Mama hula kondo la nyuma na kusafisha kila alichotoa, na mtoto aliyekufa au aliyepoa huliwa pamoja na uchafu huo. Sababu nyingine kubwa ni kiu. Jike anayezaa na kunyonyesha anaweza kumaliza lita moja ya maji kwa siku na zaidi, na kwenu asubuhi za mwezi wa sita maji kwenye chombo huwa baridi kiasi kwamba hunywa kidogo tu. Mpe maji ya uvuguvugu siku ya kuzaa, jioni na alfajiri, na hakikisha chombo hakiishi wala hakipinduki. Panya nao hubeba watoto usiku, na kosa likaangukia kwa mama. Siafu ni wabaya kuliko wote: wakiingia, asubuhi hukuti kitu. Simamisha miguu ya banda ndani ya makopo yenye oili chafu, na kata majani yote yanayogusa banda.

Ukimkuta mtoto baridi, amelegea na hapumui vizuri, usimtupe. Wa siku za mwanzo huonekana mfu kabla hajafa. Mweke ndani ya nguo, kifuani kwako, au mviringishie kitambaa pembeni ya chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo. Ukiwa na haraka, mtumbukize kwenye maji ya uvuguvugu ya kiwango cha joto la mwili, kichwa kikiwa nje, halafu mkaushe kabisa. Akianza kuchezacheza na kuwa mwekundu, mrudishe katikati ya wenzake. Usijaribu kumnywesha maziwa ya ng'ombe angali baridi, yatamwingia mapafuni.

Ushauri mmoja utakaokuokolea watoto wengi: wapandishe majike wawili au watatu siku moja. Jike ana matiti manane hadi kumi, na akizaa watoto kumi na mmoja, wale wadogo hawashindi vita ya titi. Wakizaa pamoja, ndani ya siku tatu za mwanzo hamisha wa ziada kutoka kwa mwenye wengi kwenda kwa mwenye wachache, wenye miili inayolingana. Wafunike kwa manyoya ya mama mpya na uache.

Sasa tuwaangalie wale watatu, kwa sababu kifo chao ni cha aina nyingine kabisa, na sanduku zuri halitakizuia.

Tumbo la sungura ni kiwanda cha majani. Mwishoni mwa utumbo mwembamba kuna kifuko kikubwa kiitwacho sikamu, kimejaa bakteria wanaochachusha nyuzinyuzi. Kile kinachotoka humo mara ya kwanza ni choo laini, chenye utelezi, ambacho sungura hukila moja kwa moja kutoka mkunduni, hasa usiku na alfajiri, ili apate protini na vitamini zilizotengenezwa na bakteria wake. Usishtuke ukimwona, si ugonjwa. Kiwanda hiki huendeshwa na nyuzinyuzi. Ndizo zinazosukuma tumbo lisilale. Mtoto wa mwezi mmoja bado hawezi kumeng'enya vizuri wanga wa mahindi. Wanga huo hufika sikamu ukiwa mzima, bakteria wabaya wanaukuta kama karamu, wanaongezeka, wanatoa gesi na sumu. Tumbo linavimba, kuhara kunafuata. Na kwa kuwa sungura hawezi kutapika, kilichoingia hakina njia ya kurudi. Kabichi nyingi juu yake huongeza gesi.

Na kuwaachisha wakiwa na mwezi mmoja ni mapema kwa ufugaji wa majani wa nyumbani. Maziwa ya mama yana mafuta yanayozuia bakteria wabaya tumboni mwa mtoto, na siku yanapokatika kinga hiyo inaondoka. Waache hadi wiki ya sita. Siku ya kuwaachisha ondoa mama, waache watoto kwenye kizimba chao kilekile na chakula kilekile. Usibadilishe makao, chakula na mama kwa siku moja.

Niliumia zaidi niliposoma habari ya amoksilini, kwa sababu ulitoa kwa nia ya kuokoa. Amoksilini, ampisilini na ndugu zao wa jamii ya penisilini, zikipita mdomoni, ni sumu kwa sungura. Huwaua bakteria wazuri wa sikamu na kuwaachia nafasi wale wanaotoa sumu. Hata sungura mkubwa mwenye afya anaweza kufa siku chache baada ya dozi. Siwezi kusema kwamba bila dawa ile wangepona, maana walikuwa wamekwisha kuumwa, lakini tangu leo kapsuli za binadamu zisiingie bandani. Vivyo hivyo zile dawa za viroboto za mbwa zenye fipronili, usimpake sungura.

Kuhara kwa umri ule, wiki ya tano hadi ya kumi, kuna mshukiwa mwingine: koksidia. Ni vimelea wa tumboni, jamii moja na wale wanaoharisha kuku damu, ila wa sungura ni wao peke yao. Hawaambukizi kuku, wala watu. Mayai yake hutoka na kinyesi, na yakipata unyevu na siku mbili tatu yanakuwa tayari kuambukiza. Kwa hiyo banda linalosafishwa mara moja kwa wiki hufuga koksidia pamoja na sungura. Fagia kila siku, sakafu iwe kavu, majani yatundikwe kwenye tenga au wavu na siyo kutupwa chini yakanyagwe na kunyewa. Dawa za kawaida za kuua vijidudu hazifui dafu kwa mayai haya. Maji yanayochemka na jua kali ndiyo yanayafaa. Aina moja hushika ini: ukimchinja au kumpasua aliyekufa ukakuta ini lina madoa meupe yaliyotapakaa, mshukiwa wa kwanza ni huyo. Duka la dawa za mifugo lina amproliamu na dawa za salfa za kuchanganya kwenye maji, zinafanya kazi, lakini kipimo akupe daktari wa mifugo, na umwulize zinapita siku ngapi kabla ya kumla mnyama aliyetibiwa. Kutibu bila kusafisha ni kupoteza hela.

Chakula chenyewe nikuambie hivi: sehemu kubwa kabisa iwe majani na nyasi, na majani makavu yawepo bandani saa zote, usiku na mchana. Mashonanguo, mchunga, majani ya viazi vitamu, matawi ya mforosadi, majani ya maharage yaliyokauka baada ya kupura, vyote ni vizuri. Kata leo asubuhi, yaanike kivulini yanyauke, wape jioni. Yasiwe na umande, wala yasirundikwe hadi yakapata moto. Pumba iwe konzi moja ya mkono kwa mkubwa, ichanganywe na mashudu ya alizeti. Anayenyonyesha mwongezee mashudu, maana anahitaji protini. Watoto chini ya wiki kumi wasipewe pumba tupu. Ukiweza kununua pelleti za sungura, yaani chakula cha kiwandani cha punje punje, kwa watoto ndiko hela yako itakakofanya kazi. Chakula chenye ukungu kitupe, usimwonjeshe.

Kwa Njombe nina onyo la pekee, kwa sababu mazao yenu makubwa mawili ni hatari kwake. Majani, matawi na maganda ya parachichi yana sumu inayoshambulia moyo wa sungura. Majani ya viazi mviringo nayo yana sumu, sawa na ya nyanya, na mengi yamepigwa dawa juu yake. Mtu akitoka shambani na mzigo wa majani kwa ajili ya sungura, kagua kabla ya kuwapa.

Turudi kwa wale majike wawili. Je, unampeleka dume kwenye kizimba cha jike? Fanya kinyume. Jike hulinda makao yake na kumng'ata mgeni, lakini akiwa ugenini hutulia. Sungura hana siku za joto kama ng'ombe. Mayai yake hutoka saa kumi hadi kumi na mbili baada ya kupandwa, na kupandwa kwenyewe ndiko kunakoyatoa. Hata hivyo kuna siku anakubali na siku anakataa. Mgeuze utazame uke wake: ukiwa mwekundu uliokolea na umevimba kidogo, mpeleke, ukiwa mweupe, subiri siku mbili ujaribu tena. Dume akifanikiwa utamwona anaanguka ubavu, mara nyingine akitoa sauti. Mrudishe jike, na baada ya saa sita hadi nane mpeleke tena. Usimwache alale humo bila kuangaliwa, hutajua tarehe na wanaweza kujeruhiana. Baada ya siku 12 hadi 14 mtu mwenye mikono iliyozoea anaweza kupapasa tumbo na kuhisi vitu kama zabibu vilivyopangana. Mwombe afisa mifugo akufundishe, kwa sababu kubana kwa nguvu huharibu mimba.

Kama wanakataa kila siku, papasa mgongo. Usipousikia uti kirahisi, wamenenepa kwa pumba, na mafuta huzuia mimba. Punguza pumba, ongeza nyasi kwa mwezi mmoja. Pia hakikisha umri: jike wa ukubwa wa kati hupandishwa akiwa na miezi mitano, dume miezi sita, na awe amefikia angalau robo tatu ya uzito wa mkubwa. Wasomaji wa Tanga, Mombasa au Dar es Salaam wenye tatizo kama hili wamwangalie dume kwanza. Joto la zaidi ya nyuzi 30 kwa siku nyingi humfanya asizalishe kwa wiki sita hadi nane hata hali ya hewa ikishapoa. Makambako si shida yenu hiyo.

Ulichouliza mwisho, mbegu. Sina ushahidi kwamba ni mbaya, lakini wote wanne wametoka kwa mtu mmoja, na inawezekana dume ni kaka yao. Kupandisha ndugu vizazi mfululizo hupunguza idadi na uhai wa watoto. Badilishana dume na mfugaji wa mbali, asiye na undugu na huyo aliyekuuzia. Dume mgeni mtenge banda la peke yake wiki tatu nne, mtazame pua na masikio kabla ya kumchanganya. Yule jike aliyezaa mara tatu mimi simhesabii hata uzao mmoja wa kushindwa, kwa kuwa hakuwahi kupewa sanduku. Mpe nafasi mbili, sanduku likiwepo, maji yakiwepo. Akiwatupa watoto tena, huyo achinjwe bila majuto, na usibakize binti zake.

Mume wako ana hoja, na hesabu anastahili kuiona. Ukimpandisha jike baada ya kuachisha watoto wa wiki sita, utapata uzao mara nne kwa mwaka bila kumchosha. Tuseme unakuza watano kila uzao: ni 20 kwa jike, 60 kwa majike watatu. Kwa chakula cha majani watafika kilo mbili wakiwa na miezi minne hadi mitano, siyo miezi mitatu kama wanavyotangaza wauzaji, na mnyama wa kilo mbili hukuachia karibu kilo moja ya nyama. Hiyo ni kilo 60 kwa mwaka, zaidi ya kilo moja kila wiki mezani kwa watoto wako. Kazi yake ni nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, kila siku, hata Krismasi. Kama hakuna wa kuitoa hiyo saa moja, mume wako yuko sahihi, kuku watawafaa zaidi. Biashara usiitegemee mwanzoni: wapo majirani ambao imani yao hairuhusu sungura, Wasabato kwa mfano, na wengine humwona ni mnyama wa kuchezea watoto. Anayekuuzia majike kwa bei kubwa akiahidi kununua watoto wote, mwombe akuonyeshe anakoipeleka nyama. Asipoweza, baki na pesa yako.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi, ufike kwa daktari wa mifugo wa halmashauri au umwite. Wakubwa wawili watatu wakifa ghafla ndani ya siku chache, hasa wakitoka damu puani, usimchinje aliyebaki wala usimuuze. Toa taarifa siku hiyohiyo. Mwite pia kuhara kukishika zaidi ya mmoja, makamasi meupe yakitoka na kupiga chafya kusikome, kichwa kikipinda upande, matiti ya mama yakiwa magumu, ya moto au ya bluu, na jike akifikisha siku ya 34 hajazaa. Magamba mazito ndani ya sikio ni ukurutu; usiyabandue, yanauma sana, sindano ya ivamekitini kwa kipimo sahihi huyaondoa yenyewe. Mnyama akifa bila sababu kueleweka, maiti ikiwa bado mbichi iweke kwenye chombo chenye barafu, isigande, ipelekwe ikapasuliwe. Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, wana kituo Iringa.

Wiki hii usipandishe mtu. Agiza masanduku matatu kwa fundi, kusanya majani makavu ya kutosha mwezi mzima, punguza pumba, tafuta dume wa kubadilishana. Yote yakiwa tayari, wapandishe siku moja, uandike tarehe mlangoni. Asubuhi ya siku ya 32 mtoe mama, mpe majani, funua manyoya taratibu na uhesabu. Uniandikie ni wangapi, na matumbo yao yakoje.